Hatua ya Kumi na Moja

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika tano, Mhandisi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la ofisini kwake, kisu cha kupakia siagi mkononi, akichokonoa mlango uliokwama tangu mwezi wa pili. Ndani ya kabati kulikuwa na koti lake la mvua, mafaili ya kiwanda na miwani yake ya akiba. Kabati lenyewe lilikuwa la mbao za mabua ya mahindi, kazi ya kiwanda hicho hicho, na mbele yake palibandikwa karatasi iliyosema kwamba bidhaa hii haipindi, haivimbi wala haikwami. Karatasi hiyo aliiandika yeye mwenyewe, na neno "haikwami" alilipigia mstari.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa, akaingia dada yake, kikapu mkononi. Kabati likafunguka. Lilifungua milango yote miwili kwa pamoja, taratibu, likasubiri. Koti la mvua lilimwangukia Mhandisi kichwani.

"Shikamoo, Dada," alisema akiwa ndani ya koti.

"Marahaba. Unatafuta nini huko chini?"

"Miwani."

"Si umeivaa?"

"Ile nyingine."

Dada aliichukua kutoka rafu ya juu, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akampa. Kiti cha wageni kilikuwa kimeshajivuta nyuma kumpisha, akakaa.

Pale kiwandani hakuna aliyeona ajabu. Samani zote zilimjua Dada. Akipita koridoni, droo zilijifungua upande huu na upande ule, na meza zilimsogelea hatua moja mbili kabla ya kurudi mahali pake. Kwa wengine zilikuwa ngumu, na kadiri cheo cha mtu kilivyopanda ndivyo kabati lake lilivyozidi kukwama. Katibu muhtasi, mwanamke mpenda mpangilio, aliweka orodha ya vitu vinavyohitajika ambavyo vimefungiwa, akaisubiri siku ambayo Dada angepita. Waliwahi kumwita seremala. Alipaka bawaba nta, akagonga huku na kule, akasema mbao hazina ubovu wowote, zina msimamo tu. Akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Sababu ilijulikana, ila haikutajwa mbele ya wageni.

Dada ndiye aliyemlea Mhandisi. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja na mdogo wake minne, akambeba mgongoni mpaka miguu ya mdogo ikawa inaburuta chini. Dada alipokuwa mtu mzima alijenga banda nyuma ya nyumba. Kila baada ya mavuno, watu walipokuwa wakichoma mabua ili kusafisha mashamba, yeye alipita na mkokoteni akiyaokota. Aliyakatakata, akayaloweka, akayachanganya na gundi aliyoipika kwa maganda ya mihogo na majivu, kisha akayashindilia kwa jeki ya lori mpaka yakawa ubao. Alianza na milango ya mabanda ya kuku, akafika kwenye vitanda. Vitanda vyake havikuwa na kelele, jambo lililothaminiwa sana na majirani.

Mhandisi, wakati huo, hakuwa mhandisi wa kitu chochote. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga aliyepunguzwa kazini, akawa anashinda bandani kwa Dada akimpa ushauri ambao hakuombwa. Siku moja akaja na daftari. Wiki tatu nzima alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika kila alichofanya Dada. Tatizo ni kwamba hakuelewa kipi kina maana na kipi hakina, kwa hiyo, kwa kuogopa kukosea, aliandika vyote. Aliandika uzito wa mabua na muda wa kuchemsha gundi. Aliandika pia kwamba kabla ya kukoroga, Dada husukuma kitambaa cha kichwa nyuma kwa kiwiko; hiyo ikawa hatua ya nne. Na kwamba ubao ukiwa bado wa moto, Dada huugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole na kuuambia, "Usimsahau aliyekuokota." Hiyo ikawa hatua ya kumi na moja. Mhandisi yeyote anayeijua kazi yake angeandika hatua tano. Yeye aliandika kumi na nne, akajiona amefanya utafiti wa kina.

Daftari lile ndilo lililojenga kiwanda. Wawekezaji walilipenda kwa sababu lilikuwa nene. Wafanyakazi arobaini waliajiriwa, wakapewa ovaroli na vitambaa vya kichwa, wanaume kwa wanawake, wakafundishwa kusukuma kwa kiwiko. Meneja aliwahi kuifuta hatua ya kumi na moja ili kuokoa muda. Mbao za wiki ile zilikunywa maji zikawa uji, na hatua ikarudishwa kwa barua rasmi. Tangu hapo, kutwa nzima, kilichosikika pale ni ngo ngo ngo, na sauti za watu arobaini wakiziambia mbao zisimsahau aliyeziokota. Mbao zilisikia. Jina la Dada halikuwamo kwenye daftari hata mara moja. Palipohitaji jina, Mhandisi aliandika "mpishi wa gundi".

Haikuwa nia mbaya, alijiambia, ilikuwa haraka tu. Jina alikusudia kuliweka baadaye, na baadaye hiyo sasa ilikuwa imefikisha miaka sita.

"Nasikia mtu wa hati anakuja Alhamisi," alisema Dada, kikapu magotini.

"Anakuja."

"Na fomu yake ina mistari mingapi ya majina?"

"Miwili."

"Basi."

Hati ya ugunduzi ikishagongwa muhuri, mwenye jina ndani yake ndiye peke yake atakayeruhusiwa kupika gundi ile na kushindilia mabua yale kwa namna ile. Mwingine yeyote atahesabiwa mwizi. Banda la Dada lilikuwa limeshachorwa msalaba wa rangi nyekundu, lifungwe Ijumaa. Trekta za kiwanda zilikuwa zinazoa mabua ya mashamba yote, na mara mbili walinzi walimnyang'anya Dada mkokoteni wake. Jina lake likiandikwa mstari wa pili, banda linabaki. Lisipoandikwa, mwanamke wa miaka sitini na mmoja anageuka mwizi wa kazi aliyoibuni mwenyewe.

"Nitaliandika, Dada," alisema Mhandisi. "Kwa mkono wangu huu."

"Haya. Kunywa maji, midomo imekukauka."

Dada aliondoka. Kabati likajifunga nyuma yake, likakwama palepale. Miwani ya akiba Mhandisi alikuwa ameshairudisha rafuni, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda utaratibu.

Jumanne aliitwa na Meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mikutano tu. Alimkaribisha chai, akamwuliza hali ya watoto, kisha akaweka mikono yake mezani kama mtu anayetaka kuipima.

"Ukiweka majina mawili," alisema, "wenye hisa watauliza maswali mawili. La kwanza, huyu mama ni nani. La pili, wewe ni nani."

Swali la pili lilimwingia Mhandisi mpaka kwenye mifupa, maana alikuwa akijiuliza mwenyewe kila alipojitazama kwenye kioo cha choo cha ofisini. Meneja aliona, akaanza kumvika kilemba cha ukoka. Wewe ndiye kichwa cha kiwanda hiki. Wewe ndiye uliyeyatoa mabua jalalani. Bila wewe sisi wote hapa tungekuwa wapi? Mhandisi alijua kabisa kwamba ni kilemba cha ukoka. Aliinamisha kichwa kidogo ili kikae sawa.

"Na Dada?" aliuliza.

"Hatuwezi kumwacha mikono mitupu. Kuna nafasi inaandaliwa."

Jumatano jioni alifanya mazoezi bafuni. Bafuni alikuwa jasiri kupindukia. Alijimwagia kopo la maji, akasema kwa sauti kubwa, "Mabibi na mabwana, mimi sikugundua kitu. Niliandika tu. Aliyegundua ni dada yangu." Maneno yalivuma vizuri kwenye vigae. Aliyarudia mara tatu, mara ya tatu akanyoosha na mkono, sabuni ikamponyoka. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyekwisha kusema ukweli, na hapo ndipo alipoharibu, kwa sababu hamu ya kuusema ilimwishia palepale, akiwa bado na povu masikioni.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo.

"Nimekusikia," alisema. "Hayo maneno kawaambie wenyewe."

"Nitawaambia."

"Kitanda hiki wifi akija kinamfuata mpaka sebuleni. Kitanda! Wewe mwenye macho na masikio unangoja nini?"

"Nangoja Alhamisi."

Mkewe alimtazama, akarudia kukunja shati lile lile ambalo alikuwa ameshalikunja.

Karani wa usajili alifika Alhamisi saa nane mchana. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mkoba mzito, na alitangaza kabla ya kuketi kwamba gari lake linaondoka saa kumi na halimsubiri mtu. Alitandaza fomu juu ya meza ya Meneja. Mhandisi alikuwa amevaa suti aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, na mabega ya suti yalikuwa mapana kuliko ya kwake.

Aliandika jina lake mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Kalamu ikashuka mstari wa pili, ikakaa. Alimpenda Dada kuliko mtu yeyote duniani, wala hilo halikuwa na ubishi hata kidogo. Ila alitaka pia, kabla hajafa, kuwa mtu fulani, na aliona kwamba akimwandika Dada pale, yeye atabaki kuwa yule wa juu ya ndoo. Meneja alikohoa. Hakikuwa kikohozi kikubwa.

"Mstari wa pili una mtu?" aliuliza karani.

"Hauna," ilijibu sauti, na Mhandisi akaitambua kuwa ni ya kwake.

"Basi uchoree mstari, mtu asije akajaza baadaye. Rula hii hapa."

Mhandisi alichora. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuchora mstari ulionyooka namna ile.

Kilichobaki ni muhuri wa kampuni. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya chini ya meza ya Meneja, ambako katibu muhtasi aliuweka Jumatatu, Dada alipopita, kwa usalama. Meneja alivuta droo, ikakataa. Mhandisi alileta kisu chake cha siagi, kikapinda. Waliitwa walinzi wawili, mmoja akavuta droo na mwenzake akamvuta yeye. Mtaimbo uliletwa kutoka karakana, ukaacha alama ndogo kwenye ubao na kubwa kwenye ukuta.

Karani aliangalia saa.

"Na kwetu ziko hivi hivi," alisema. "Tulinunua meza kumi kutoka hapa. Mwaka jana mama mmoja alikuja kuuliza fomu za ugunduzi zinapatikana dirisha gani, siku hiyo tukapata mafaili ya miaka mitatu. Mwiteni huyo mama."

"Alijibiwa nini?" aliuliza Mhandisi.

"Nani?"

"Huyo mama. Kuhusu fomu."

"Tulimwambia aje na mhandisi," alisema karani.

Dereva wa kiwanda alimfuata Dada bandani kwake. Alikuja kama alivyo, gundi imemkauka kwenye viganja. Alipovuka mlango, droo ya chini ilijifungua mpaka mwisho wake, na droo nyingine zote zikafuata, na viti vikajivuta nyuma, kikiwamo cha Meneja, ambaye alikuwa amekikalia. Dada aliwasalimu wote. Aliinama akauchukua muhuri, na alipoinuka aliiona fomu.

Aliisoma. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyejua azuie vipi. Aliisoma kuanzia juu, polepole, kama mtu anayesoma barua iliyotoka mbali, mpaka akafika kwenye majina. Mhandisi alitazama viatu vyake, navyo vilikuwa vipya.

"Huu umeuchora kwa rula?" aliuliza Dada.

"Kwa rula, Dada."

"Umenyooka."

Aliuweka muhuri mezani, akaifuta mikono yake kwenye nguo ingawa gundi ile haitoki kwa kufutwa. "Kuna kingine kilichokwama?"

"Hakuna, mama, tunashukuru sana," alisema Meneja.

Dada alitoka, na meza ikatoka naye. Ilizungusha miguu yake kwa uangalifu ili ipite mlangoni, fomu ikiwa juu yake, muhuri juu ya fomu. Karani, ambaye hakuwa mgeni wa ofisi za umma, aliibana karatasi kwa kiganja akawa anatembea kando ya meza. Meneja alikimbia kwa upande mwingine akiwa na kidau cha wino. Waligonga muhuri karibu na choo cha wanaume, wakiwa mwendoni, na Mhandisi alitia sahihi mbele kidogo, penye kona. Sahihi ilitoka na mkia mrefu kuliko kawaida. Karani alisema inatosha.

Nyuma yao vilifuata viti, kabati la katibu muhtasi na rafu mbili. Getini mlinzi aliyakumbuka maagizo yake: mali ya kiwanda haitoki bila kibali. Samani zote zikasimama. Dada alipita peke yake, hakugeuka, akashika njia ya nyumbani. Wafanyakazi wa zamu ya jioni walitumia muda wao wote kurudisha vitu ofisini, na Meneja aliwapa pole kwa maandishi.

Ijumaa asubuhi Meneja alimtuma Mhandisi mwenyewe akalifunge banda, kwa maelezo kwamba jambo la kifamilia hupendeza likifanywa na ndugu. Alimpa kufuli jipya na barua mbili, moja ya kufunga na moja ya ajira.

Dada alikuwa ameshalifagia banda. Sufuria ya gundi ilikuwa imeoshwa na kufunikwa, jeki imefungwa kwenye gunia. Alizisoma barua zote mbili akiwa amesimama. Ile ya ajira ilisema kwamba ameteuliwa kuwa Mfunguaji wa Samani, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.

"Kazi yenyewe ni kupita tu?"

"Kupita tu, Dada. Kila ofisi mara mbili kwa siku."

"Na nikiumwa?"

"Siku hiyo watasubiri."

Dada alizikunja barua pamoja, akazitia kwenye kikapu. "Nitakuja Jumatatu," alisema. "Wewe umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula. Alitaka kusema yale ya bafuni, na kwa kweli alifungua kinywa, lakini kilichotoka ni kwamba mwaka huu mvua zimechelewa. Dada alikubali kwamba zimechelewa. Aibu ilimpanda Mhandisi mpaka masikio yakamwaka, aibu ya kweli kabisa, hata yeye mwenyewe hakuwa na shaka nayo. Akashangaa kuona kwamba pamoja na aibu yote hiyo, mkono wake umeshafika mlangoni.

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Aliusukuma, haukwenda. Alivua koti la suti, akaweka bega. Akageuka, akaweka mgongo, visigino vikichimba udongo. Majirani wawili walisimama wakamwelekeza namna nzuri ya kusukuma, kila mmoja ya kwake, kisha wakaenda zao. Jua lilipanda. Shati lilimganda mwilini, na suruali mpya ikapasuka mahali ambapo suruali hupasuka. Dada alikuwa amekaa kivulini akimtazama, bila hasira na bila kucheka.

"Dada," alisema mwishowe, akihema, "nisaidie."

Dada aliinuka. Alisimama mbele ya banda lake kwa muda, akaangalia ndani, kisha akaweka kiganja juu ya ubao. Mlango ulifungika bila kelele.

Mhandisi alitia kufuli. Lilikuwa la chuma, la dukani, halikumjua mtu yeyote, likafunga mara moja.